Wasanii walioipa Uganda sauti yake, na deni lisilolipwa

Kuanzia mtunzi wa wimbo wa taifa hadi mwanamuziki aliyetangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI, wasanii wa Uganda wamelijengea taifa lao sauti, sura na kumbukumbu. Majina yao yanatajwa kwa fahari mjini Kampala. Hata hivyo, wengi wao walifariki kabla ya kuonja matunda ya heshima hiyo, na baadhi yao waliuawa kwa sababu ya kazi zao. Ni akina nani, na taifa limewalipa nini?

Wimbo wa taifa na shilingi 2,000

Kila mkutano rasmi nchini Uganda hufunguliwa kwa wimbo ulio miongoni mwa nyimbo fupi zaidi za taifa duniani. Wimbo huo ulianza kutumika nchi ilipojipatia uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mtunzi wake ni George Wilberforce Kakoma, mwalimu wa muziki aliyezaliwa mwaka 1923 na kupata sehemu ya elimu yake ya muziki nchini Uingereza.

Kwa muda wa nusu karne Kakoma alisikia wimbo wake ukiimbwa shuleni, viwanjani na bungeni. Alieleza kwamba malipo aliyopata yalikuwa shilingi 2,000 tu, zilizotolewa kama ishara ya shukrani. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, aliipeleka serikali mahakamani akidai mirabaha kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki. Dai lake lilikataliwa, naye akakata rufaa. Alifariki dunia Aprili 2012, rufaa hiyo ikiwa bado haijaamuliwa. Warithi wake waliiendeleza kesi, lakini mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wimbo huo ni mali ya taifa.

Uamuzi huo ulimaliza swali la kisheria. Swali la pili lilibaki kama lilivyokuwa: taifa linapoichukua kazi ya msanii na kuifanya yake, msanii mwenyewe anastahili nini? Historia ya sanaa ya Uganda imelirudia swali hilo mara nyingi, kila mara kwa sura tofauti.

Wanamuziki wa kasri waliopoteza kasri

Kabla ya kuwapo kwa taifa la Uganda, wasanii walitunzwa na falme. Katika ufalme wa Buganda, wanamuziki wa Kabaka walipokezana zamu kwenye kasri, na koo mbalimbali zilikuwa na wajibu wa kutoa wapigaji wa ala fulani. Ngoma za entenga, ambazo 12 kati ya 15 hupangwa kwa sauti mbalimbali kama funguo za marimba, zilihitaji wapigaji sita kwa pamoja. Marimba ya amadinda, yenye mbao 12, hupigwa na watu watatu. Wawili wa kwanza hupishana kwa kasi, kila mmoja akijaza nafasi anayoiacha mwenzake, na wa tatu huchagua baadhi ya sauti zinazozaliwa na mpishano huo na kuzirudia juu kabisa. Msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga peke yake.

Mtu aliyeufungua ujuzi huo kwa ulimwengu ni Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri ambaye pia alifanya kazi katika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala. Makumbusho hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1908, ndiyo ya zamani zaidi Afrika Mashariki. Msimamizi wake kuanzia mwaka 1948, mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann, alitaka ala zilizomo zipigwe badala ya kukaa kimya ndani ya makabati ya vioo, na Muyinda akawa ndiye anayezipa uhai mbele ya wageni. Mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria alijifunza kwake mwishoni mwa miaka ya 1950. Maandishi yaliyotokana na mafunzo hayo yameuweka muziki wa Buganda katika vitabu vya vyuo vikuu vingi duniani.

Tarehe 24 Mei 1966, wanajeshi wa Waziri Mkuu Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walilishambulia kasri la Lubiri huko Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Ala za kifalme ziliharibiwa na wapigaji wake wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zilipigwa marufuku, na wanamuziki wa kasri wakabaki bila kazi na bila mtu wa kumrithisha ujuzi wao. Muyinda aliendelea kufundisha, akishiriki pia katika kundi la taifa la ngoma lililojulikana kwa jina la Heartbeat of Africa. Alifariki mwaka 1993, mwaka uleule ambao Buganda ilimtawaza tena Kabaka.

Sura ya uhuru iliyochongwa na Mkenya

Kila mwaka picha za sanamu ya uhuru ya Kampala huonekana katika magazeti na televisheni. Sanamu hiyo inamwonyesha mama aliyefungwa kamba mwilini akimwinua mtoto kuelekea angani. Aliyeitengeneza ni Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937.

Shule hiyo ya Makerere ilikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima. Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro alisoma na kufundisha hapo, kabla ya kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Elimo Njau, naye kutoka Tanganyika, alipitia madarasa hayo na baadaye akachora picha mashuhuri za ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya. Maloba mwenyewe alirudi Kenya katikati ya miaka ya 1960 kufundisha katika chuo cha Nairobi, na alifariki mwaka 2007. Wapita njia wengi wanaopiga picha mbele ya sanamu yake hawafahamu kwamba alama kuu ya uhuru wa Uganda ilitoka katika mikono ya Mkenya.

Miongo miwili baadaye, mchongaji Francis Nnaggenda aliipa Makerere sanamu ya aina nyingine. Kazi yake inayofahamika kwa jina la War Victim, yaani mwathirika wa vita, imesimama katika maktaba kuu ya chuo hicho. Ni mwili wa mti uliokatwa viungo, lakini haukuanguka. Wanafunzi waliosoma chini yake katika miaka ya 1980 hawakuhitaji maelezo ya maana yake, kwani vita alivyovizungumzia vilikuwa vimepita milangoni mwao.

Okot p'Bitek: kutoka uwanja wa mpira hadi meza ya profesa

Jina la Uganda linalofahamika zaidi katika fasihi ni la Okot p'Bitek, aliyezaliwa Gulu mwaka 1931. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya kandanda, akabaki huko kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth na elimu ya jamii na tamaduni Oxford. Kufikia wakati huo alikuwa tayari amechapisha riwaya kwa lugha yake ya Kiacholi, Lak Tar, mwaka 1953.

Utenzi wake wa Lawino, mwanamke wa Kiacholi anayemlalamikia mumewe msomi kwa kudharau mila za kwao, ulichapishwa kwa Kiingereza mjini Nairobi mwaka 1966. Toleo la Kiacholi, lugha aliyoutungia kwanza, lilifuata mwaka 1969. Wasomaji wa Kiswahili waliupata kupitia tafsiri ya Paul Sozigwa, mwanahabari mashuhuri wa Tanzania, yenye jina Wimbo wa Lawino. Kitabu hicho kilizusha mjadala ambao haujaisha: je, msomi wa Kiafrika amepata nini na kupoteza nini? Okot hakumpa ushindi wa moja kwa moja yeyote kati ya wanandoa hao wawili. Baadaye alimwandikia mume utenzi wake, ili naye asikike.

Katika miaka hiyo hiyo aliteuliwa kuongoza Kituo cha Taifa cha Utamaduni, chenye Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho uliofunguliwa Kampala mwaka 1959. Ukumbi huo hapo awali ulitawaliwa na michezo ya kuigiza ya Kizungu. Okot alizileta jukwaani ngoma na nyimbo za makabila ya Uganda. Uongozi wake haukudumu. Baada ya kuikosoa serikali akiwa safarini Zambia, alipoteza nafasi hiyo, akaishi nje ya nchi kwa zaidi ya miaka kumi, akifundisha Kenya na Nigeria. Alirejea Makerere mwaka 1982 kuwa profesa wa uandishi wa ubunifu. Alifariki tarehe 20 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51.

Jukwaa chini ya kivuli cha Amin

Mchezo wa kuigiza kwa lugha za Uganda ulikuwa umeshaota mizizi kabla ya uhuru. Wycliffe Kiyingi alianzisha chama cha waigizaji wa Kiafrika mwaka 1954, akaandika kwa Kiganda michezo iliyopendwa jukwaani na redioni. Kufikia miaka ya 1970, watazamaji wa Kampala walikuwa na mazoea ya kujaza kumbi kusikiliza habari zao kwa lugha yao.

Byron Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, alitunga mchezo wa nyimbo uitwao Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo, akishirikiana na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya. Kwa visa vya ndege na ufalme wao, mchezo huo ulizungumzia unyakuzi wa madaraka. Ulichaguliwa kuiwakilisha Uganda katika tamasha la sanaa na utamaduni la watu weusi, FESTAC, lililofanyika Lagos, Nigeria, Januari na Februari 1977. Muda mfupi baada ya kurejea nyumbani, Kawadwa alikamatwa na watu wa usalama wa Idi Amin na kuuawa. Nchi iliyompeleka ng'ambo kama fahari yake ilimpokea kama adui.

Robert Serumaga alitafuta njia nyingine. Aliunda kundi la Abafumi, ambalo michezo yake kama Renga Moi ya mwaka 1972 ilitegemea zaidi miili, ngoma na vilio kuliko maneno. Maneno yanaweza kunukuliwa na mpelelezi, lakini ni vigumu kuuandikia mashtaka mwendo wa mwili. Kundi hilo lilizuru mabara kadhaa. Hatimaye Serumaga alijiunga na harakati za kumwondoa Amin, akawa waziri mwaka 1979, na kufariki Nairobi mwaka uliofuata.

Waliobaki walilazimika kuunganisha vipande. Rose Mbowa, mwigizaji na mhadhiri aliyeongoza idara ya muziki, ngoma na maigizo Makerere, alitayarisha mwaka 1987 mchezo uitwao Mother Uganda and Her Children. Ndani yake, mama mmoja anajaribu kuwapatanisha watoto wanaozungumza lugha tofauti na kucheza ngoma tofauti. Kwa watu waliotoka katika vita vya Luwero na kushuhudia vingine vikianza kaskazini, hilo lilikuwa swali la uhai na kifo. Mbowa alifariki mwaka 1999.

Sauti kutoka uhamishoni

Mwezi uleule wa Februari 1977, tarehe 16, waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili wa serikali ya Amin. Mmoja wao, Erinayo Oryema, alikuwa na mtoto mwanamuziki, Geoffrey, aliyekuwa na umri wa zaidi kidogo ya miaka 20. Kijana huyo alitoroshwa hadi Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, kisha akahamia Ufaransa.

Huko Geoffrey Oryema aliimba kwa Kiacholi, Kiswahili na Kiingereza, akipiga gitaa pamoja na lukeme, ala ndogo ya vidole, na nanga, kinubi alichokizoea tangu utotoni. Albamu yake ya mwaka 1990, Exile, iliyotayarishwa na Brian Eno, ilimfanya awe miongoni mwa sauti za Afrika Mashariki zinazojulikana zaidi Ulaya. Alirudi Uganda kutumbuiza mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya takriban miaka 40. Alifariki Ufaransa Juni 2018.

Philly Lutaaya: msanii aliyeutoa ugonjwa gizani

Ikiwa kuna msanii wa Uganda ambaye mchango wake unaweza kupimwa kwa maisha yaliyookolewa, ni Philly Bongoley Lutaaya. Mwimbaji huyo, aliyekuwa akiishi Sweden, alirejea nyumbani mwaka 1989 na kutangaza kwamba ana virusi vya UKIMWI. Hakuna Mganda mwenye jina kubwa aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Baadhi ya watu hawakumwamini, wakidhani anatafuta umaarufu wa kuuza kanda.

Lutaaya alizunguka shuleni na makanisani huku mwili wake ukidhoofika mbele ya macho ya wasikilizaji. Alitoa albamu, Alone and Frightened, iliyoeleza upweke na hofu ya mgonjwa. Hadi wakati huo, ugonjwa huo ulitajwa kwa minong'ono na kwa jina la "slim", kutokana na jinsi ulivyowakondesha watu. Baada yake ulikuwa na uso wa mtu ambaye kila nyumba yenye redio ilimfahamu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38. Uganda humkumbuka kila mwaka tarehe 17 Oktoba, na nyimbo zake bado huchezwa katika kampeni za afya. Sikukuu ya Krismasi inapokaribia, sauti yake husikika tena madukani na kwenye teksi za Kampala, kwani albamu yake ya nyimbo za msimu huo haijapata mshindani.

Taifa linamheshimu vipi msanii?

Nchi mbalimbali zimelijibu swali hilo kwa sheria. Ufilipino ilianzisha mwaka 1972 cheo cha Msanii wa Taifa. Anayekipata hupewa posho ya kila mwezi, matibabu na mazishi ya kitaifa. Hata huko mwanzo ulikuwa wa kuchelewa: mchoraji Fernando Amorsolo, wa kwanza kutunukiwa, alitangazwa siku chache baada ya kifo chake. Mwaka 1992 nchi hiyo ilitunga sheria nyingine kwa ajili ya mafundi wa sanaa za jadi, kama wafumaji na wapiga ala wa vijijini. Sheria hiyo inawataka waliotunukiwa wawafundishe vijana kazi yao. Heshima hapo imefungwa pamoja na wajibu wa kurithisha.

Uganda ina Sheria ya Heshima na Tuzo za Taifa ya mwaka 2001, lakini nishani zake hazikutengwa kwa ajili ya sanaa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inampa msanii haki ya kudai malipo ya kazi yake, ingawa kisa cha Kakoma kinaonyesha jinsi njia ya mahakama inavyoweza kuwa ndefu kuliko umri wa mdai. Kwa hiyo kazi ya kuwaenzi wasanii imebaki zaidi mikononi mwa familia, vyuo, makanisa na makundi binafsi. Kundi la ngoma la Ndere, lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, limejenga kituo chake Kampala. Huko ngoma za pande zote za nchi huchezwa mbele ya wageni na wenyeji, na viingilio vyao husaidia kuwalipa wachezaji.

Msaada mwingine umetoka katika shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, UNESCO. Mwaka 2005 shirika hilo liliutangaza ufundi wa kutengeneza nguo za magome ya mti wa mutuba, unaofanywa na mafundi wa Buganda, kuwa urithi wa binadamu. Mwaka 2012 liliuweka muziki wa bigwala wa Busoga katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu ambazo kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wimbo haukamiliki mpaka wapigaji watano au zaidi wasimame pamoja. Wakati huo walikuwa wamebaki mabingwa wanne wazee.

Mpango wa uokoaji ulioanza katikati ya muongo uliopita haukuwajengea wazee hao sanamu. Vibuyu vipya vilipandwa, kwa kuwa hata mbegu za aina inayofaa zilikuwa zimeanza kutoweka, na wazee wakakaa na vijana wa vijijini kuwafundisha kutengeneza, kupiga na kucheza. Leo bigwala inasikika tena katika sherehe za Busoga, ikipigwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa falme zilipopigwa marufuku.